Asiye na Mtu: Utunzaji wa Nyumbani ni Haki, si Sadaka





Katika sura ya tano ya Injili ya Yohane tunakutana na mtu aliyelala kando ya birika la Bethzatha, mjini Yerusalemu. Alikuwa hawezi kwa muda wa miaka 38. Bwana wetu anamwuliza kama anataka kupona. Jibu lake ni la kushangaza, kwa maana hasemi ndiyo wala hasemi hapana. Anasema kwamba hana mtu wa kumtia majini. Tukiri kwamba sisi mapadre tumezoea kulipita neno hilo mbio mbio, tukiukimbilia muujiza. Lakini tulitafakari. Maji yalikuwapo. Watu walikuwapo, tena wengi, maana ilikuwa sikukuu. Hekalu lilikuwa karibu, na makuhani wake walikuwamo. Kilichokosekana ni mtu mmoja ambaye shughuli yake ingekuwa kumshika, kumwinua na kumfikisha.

Tunaandika haya kwa sababu mtu wa namna hiyo yumo katika parokia yetu. Ni kijana wa miaka 19 mwenye mtindio wa ubongo. Hawezi kuketi pasipo kuegemezwa, hawezi kula pasipo kulishwa, wala hasemi, ingawa hucheka kila asikiapo kengele ya kanisa. Mama yake hufua nguo za watu. Tumebadili mambo madogo madogo ili wasitambulike, naye mama ameturuhusu tuandike.

Miezi michache iliyopita wanajumuiya wawili walikuja nyumbani kwa mapadre wakiwa wamekasirika. "Padre," walisema, "yule mama anamfungia mwanawe ndani kwa kufuli tangu asubuhi mpaka saa tisa. Tena anamfunga kwa leso kitandani. Nenda ukamkaripie." Tukaenda. Tukamkuta mama akimbadilisha kijana nguo. Tukaketi juu ya kigoda, na baada ya salamu tukaanza kusema kwa upole tuliodhani ni wa kichungaji. Tulimwambia kuwa tunayajua mateso yake, kuwa watoto ni zawadi, na kuwa Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba.

Hakuinua kichwa. Alisema: "Padre, Mungu alinipa mtoto. Mzigo mmenipa ninyi."

Kisha akatuomba tumshike kijana mabega ili amgeuze. Tulimshika. Alikuwa mzito kama mtu mzima yeyote wa umri wake, na misuli yake ilikuwa imekaza. Tulikuwa tumekwisha kuchoka kabla mama hajamaliza kumfuta. Naye hufanya hivyo mara nyingi mchana, na usiku huamka kumgeuza ili mwili usichubuke na kuota vidonda. "Nisipomfunga," alieleza, "ataanguka sakafuni. Nisipokwenda kufua, hatutakula. Niambie wewe, Padre, nichague lipi?" Hatukuwa na la kumwambia. Waswahili walikwisha kusema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tulikuwa tumeubeba mzigo ule kwa dakika kumi tu, na tayari haukuwa usufi tena.

Tangu siku hiyo hatujautamka tena msemo ule, nasi tunawasihi ninyi pia mwuache. Wengi hudhani umetoka kwa Mtume Paulo. Sivyo. Katika Waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya kumi, Paulo anasema juu ya majaribu, na wasomaji wa Kiswahili hupotoshwa hapo kwa urahisi, kwa kuwa neno letu "majaribu" hubeba kishawishi cha dhambi na taabu za maisha kwa pamoja. Mtume alikuwa akiwaonya Wakorintho juu ya ibada ya sanamu. Hakuwa akimfariji mama mjane kwa kumwacha peke yake. Juu ya mizigo aliandika mahali pengine, katika Waraka kwa Wagalatia, na agizo lake ni kwamba tuchukuliane mizigo. Tumechukua onyo lililotolewa kwa jumuiya nzima, tukaligeuza kuwa kisingizio cha jumuiya kukaa kando.

Sasa tuulize: katika nchi yetu ya Kenya, ni nani aliyekwisha kuahidi kumchukulia mama huyu mzigo? Ahadi zipo, tena kwa maandishi. Mwaka 2006 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na Kenya ikauridhia mwaka 2008. Kifungu cha 19 cha mkataba huo kinatambua haki ya mtu mwenye ulemavu kuishi katika jamii, na kupata huduma za kumsaidia nyumbani kwake, pamoja na msaidizi wake binafsi. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inaiagiza Serikali kuwapa hifadhi ya jamii wale wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Kifungu cha 54 kinasema waziwazi juu ya heshima ya watu wenye ulemavu. Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu ilitiwa saini mwezi Mei 2025, ikachukua nafasi ya ile ya mwaka 2003.

Zaidi ya maandishi, upo mpango wa fedha ulioanza mwaka 2011 kwa ajili ya watu wenye ulemavu mkubwa, yaani wale wanaohitaji mtu wa kuwatunza wakati wote: kuwalisha, kuwasafisha, kuwalinda. Kaya iliyoandikishwa hupewa shilingi 2,000 kwa mwezi. Tunaushukuru mpango huo. Kwa familia isiyo na kitu, shilingi 2,000 ni unga na mafuta ya taa, na hatutamdharau yeyote aliyepigania zitolewe. Lakini shukrani isitufumbe macho. Shilingi 2,000 kwa mwezi ni kama shilingi 66 kwa siku. Katika duka la dawa lililo karibu na kanisa letu, pakiti moja ya nepi za watu wazima hula karibu nusu ya fedha hizo. Na kiasi hicho kimebaki vile vile kwa zaidi ya miaka kumi, ilhali bei ya unga haikubaki.

Kwa miaka mingi walioandikishwa katika mpango huo walikuwa kaya zipatazo 47,000 nchini kote. Gawanyeni kwa maeneo bunge 290, mtapata kaya 160 hivi kwa kila eneo. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu wenye ulemavu zaidi ya 900,000. Tunajua kwamba si wote wanaohitaji kulishwa na kugeuzwa kitandani. Wengi wanafanya kazi na kulea familia. Hata hivyo, kila anayezitembelea nyumba za wagonjwa kupeleka Komunyo Takatifu anajua kwamba idadi ile ilikuwa tone katika ndoo.

Tena kuna jambo kubwa kuliko kiasi. Fedha hizo ni ruzuku ya kaya. Si ujira wa anayetunza, wala haziji na mtu. Hakuna anayebisha hodi akasema, "Mama, nenda kafue, mimi nitakaa naye mpaka saa tisa." Kima cha chini cha mishahara kilichoanza kutumika Novemba 2024 kilimpangia mtumishi wa nyumbani katika miji yetu mikuu zaidi ya shilingi 16,000 kwa mwezi. Angalieni mambo yalivyo. Mama huyu akienda kumtunza mgonjwa wa jirani, sheria inamtambua kuwa ni mfanyakazi na inampangia mshahara. Akimtunza mwanawe, tena usiku na mchana, sheria haimwoni. Kazi ni ile ile, na mgongo unaouma ni ule ule. Tofauti ni kwamba ya kwanza tunaiita kazi, ya pili tunaiita mapenzi ya mama, na mapenzi ya mama yana bahati mbaya ya kupatikana bure.

Tumeyasema hayo katika vikao kadhaa, nasi tumejibiwa. Ni haki tuyatazame majibu hayo kwa uaminifu.

Jibu la kwanza lasema kuwa huo ni wajibu wa familia, na kwamba Kanisa lenyewe hufundisha kuwa Serikali isiingilie yale ambayo familia yaweza kuyatenda. Ni kweli Kanisa hufundisha kanuni ya auni. Papa Pius XI aliifafanua mwaka 1931 katika Quadragesimo Anno, na Papa Yohane Paulo II, katika Centesimus Annus ya mwaka 1991, alionya juu ya Serikali inayojitwalia kila kitu na kuwanyang'anya watu uwezo wao. Tunalikubali onyo hilo kwa moyo wote. Lakini jina la kanuni hiyo latokana na neno la Kilatini "subsidium", maana yake msaada. Chombo kikubwa kimeamriwa kukisaidia kilicho kidogo ili kisimame. Hakikuamriwa kukitazama kikianguka. Hatuombi Serikali imchukue kijana. Tunaomba imwezeshe mama kubaki naye. Anayeitaja kanuni ya auni ili amnyime mama msaada ameishika kwa ncha isiyo yake.

Na tuone kinachotukia pale msaada unapokosekana nyumbani. Mwaka 1978, katika jimbo la Iowa nchini Marekani, alizaliwa mtoto aliyeitwa Katie Beckett. Akiwa na umri wa miezi mitano alishikwa na ugonjwa wa ubongo uliomwacha akitegemea mashine ya kupumulia. Ilifika wakati ambapo angeweza kwenda nyumbani, lakini mpango wa afya wa umma ulikuwa tayari kumlipia akiwa hospitalini, si akiwa kwa wazazi wake, ijapokuwa nyumbani gharama ingekuwa ndogo. Mnamo Novemba 1981 Rais Ronald Reagan aliitaja habari hiyo hadharani, na kabla ya mwaka kwisha mtoto alikuwa nyumbani. Mwaka 1982 sheria ikarekebishwa ili majimbo yaweze kuwasaidia watoto wengine kama yeye. Katie alikua, akasoma, akawatetea wenzake hadi alipofariki mwaka 2012 akiwa na miaka 34. Fedha zilikuwapo muda wote. Zilikuwa zimeelekezwa kumtenga mtoto na mama yake.

Jibu la pili lasema kuwa mambo hayo ni ya nchi tajiri. Kweli, Uswidi imekuwa na sheria tangu mwaka 1994 inayompa mtu mwenye ulemavu mkubwa msaidizi wake binafsi kwa saa zilizopimwa, akilipwa na umma. Kweli, katika jimbo la California mzazi mwenyewe aweza kulipwa kwa saa anazomtunza mwanawe. Basi tuziache nchi hizo, twende Afrika Kusini. Huko, chini ya Sheria ya Misaada ya Jamii ya mwaka 2004, mzazi asiye na kipato cha kutosha anayemtunza nyumbani mtoto mwenye ulemavu mkubwa hupewa ruzuku ya kila mwezi, ambayo mwaka 2025 ilizidi randi 2,300. Hizo ni zaidi ya shilingi zetu 15,000. Mtu mzima anayepokea ruzuku ya ulemavu, naye akihitaji mtu wa kumhudumia wakati wote, huongezewa kiasi kingine kwa sababu hiyo. Afrika Kusini ina uchumi mkubwa kuliko wetu, hatukatai, nayo ina maskini wake wengi na wezi wake pia. Lakini ni Waafrika kama sisi, walioketi wakapanga bajeti, wakaamua nani atangulie. Sisi nasi tumeamua. Kila bajeti isomwapo huwa ni ungamo la yale tunayoyapenda.

Jibu la tatu lasema kuwa fedha zitaliwa. Huenda zikaliwa. Fedha za barabara nazo huliwa, na hatujasikia kiongozi yeyote akisema kwamba kwa sababu hiyo tuache kujenga barabara. Ajabu ni kwamba hofu ya wizi hutushika tu inapofika zamu ya maskini.

Jibu la nne linatugusa sisi Wakristo zaidi, maana linavaa joho la utakatifu. Lasema kuwa Serikali ikilipa, moyo wa sadaka utakufa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya mwaka 1965 juu ya utume wa walei, ulikwisha kulimaliza shauri hilo ulipofundisha kwamba madai ya haki yatimizwe kwanza, ili tusitoe kama zawadi ya upendo kile ambacho ni deni. Papa Benedikto XVI alilirudia fundisho hilo mwaka 2009 katika Caritas in Veritate. Anayemrudishia mtu kanzu yake mwenyewe hajatoa sadaka. Na Papa Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, aliomba kazi ya mama ya kulea ithaminiwe na jamii, hata kwa njia ya ruzuku kwa mama anayejitoa kikamilifu kwa familia yake. Hayo hayakuandikwa na wanaharakati. Yaliandikwa na mapapa.

Tusiishie kuwanyoshea wengine kidole. Sisi wenyewe, yaani Kanisa, tumekuwa na udhaifu wa kupenda majengo. Ni rahisi kupata mfadhili wa nyumba ya kulelea walemavu, yenye lango, jina na jiwe la msingi, kuliko kupata mfadhili wa mtu atakayekwenda kila siku katika nyumba ya udongo kumgeuza kijana asiyesema. Masista wanaoziendesha nyumba hizo wanastahili heshima yetu yote, na wapo wasio na jamaa ambao pasipo masista wangekufa. Lakini kama mama anamtoa mwanawe kwa kuwa tu hana wa kumshikia mabega, hapo hatujamwokoa mtoto. Tumemfanya yatima, na mama yake yu hai.

Vivyo hivyo na viti vya magurudumu. Kila karibu na uchaguzi mheshimiwa fulani huja na viti kumi na wapiga picha wawili. Kijana wetu alipata kimoja. Kimeegemezwa ukutani, kwa kuwa njia ya kwao ina mashimo na mawe, na kwa kuwa hakuna mtu wa kukisukuma. Mwaka 2024 Jimbo Kuu la Nairobi liliagiza irudishwe michango ya fedha ambayo viongozi wa siasa waliitoa kanisani, na wengi wetu tulifurahi. Tulichojifunza hapo kisitutoke: madhabahu si jukwaa. Na mtu mwenye ulemavu naye si jukwaa.

Basi tunadai nini? Tunadai mambo manne, na hakuna hata moja lililo ndoto. Mosi, ruzuku ya ulemavu mkubwa ipandishwe na ifungamanishwe na gharama ya maisha, ilipwe kwa wakati, na kila anayestahili aandikishwe pasipo kungoja mwingine afe. Pili, anayetunza atambuliwe kuwa mfanyakazi, apimiwe saa na alipwe, hata akiwa mama mzazi. Tatu, awepo mtu wa kubisha hodi. Tangu Septemba 2023 Serikali imeweka wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 wanaopita nyumba kwa nyumba, wakipewa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi ambayo Serikali ya Taifa na kaunti huchangia. Njia imekwisha kufunguliwa. Wapo wanaoweza kufundishwa kuwageuza wagonjwa, kuwalisha wasipaliwe na kuvitambua vidonda mapema. Na kazi hiyo ikiongezwa, posho yao nayo iongezwe, tusije tukamtua mama mzigo tukambebesha maskini mwingine bure. Nne, wanaotunza wapewe siku za kupumzika. Hata Mungu alipumzika siku ya saba. Mama huyu hajapumzika tangu mwaka kijana wake alipozaliwa.

Kila mwaka, kabla bajeti ya kaunti haijapitishwa, wananchi huitwa kutoa maoni, na kwa kawaida viti vya ukumbi hubaki vitupu. Safari ijayo Baraza la Parokia litawatuma wawakilishi wa kila jumuiya, nasi tutakwenda nao. Hatutakwenda kwa niaba ya mama yule. Atakwenda mwenyewe, aseme kwa kinywa chake, maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na ili aweze kwenda, wanajumuiya wawili watakaa na kijana siku hiyo. Ni wale wale waliokuja kumshtaki. Walipopata habari zote walilia, kisha wakauliza ni siku gani za juma anakwenda kufua. Sasa hupokezana Jumanne na Ijumaa. Tunawapongeza, lakini tunasema wazi, nao wanakubali, kwamba hilo si suluhisho. Mmoja ana watoto wadogo, mwingine ana presha. Siku wakiugua wao, kufuli litarudi mlangoni.

Wapendwa, katika Injili ya Marko, sura ya pili, aliyepooza aliletwa kwa Yesu akichukuliwa na watu wanne. Wanne, kwa mtu mmoja. Walipozuiwa na umati waliitoboa dari, na hatusomi mahali popote kwamba Bwana aliwakemea kwa kuiharibu nyumba ya watu. Aliiona imani yao. Sisi tunamtaka mama mmoja aibebe pembe zote nne za godoro, kisha tunamshangaa akiliburuta.

Jumapili hii, kabla ya kuja Misani, kila mmoja wetu aulize katika jumuiya yake: ni nani kati yetu asiye na mtu? Majina yaletwe ofisini kwa katekista. Tutayapeleka kwa wanaohusika, na tutarudi kuuliza, na tutarudi tena.

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu.

Ni sisi, Paroko wenu.